Usiitike Msituni

Majirani zangu wa Ngamiani walikuwa na hakika kwamba nakwenda kwa mganga. Siwalaumu sana. Mwanamke wa makamo yangu, mwenye mume wake ndani, anaamka alfajiri mara moja kwa mwezi, anavaa buibui lake, anabeba kikapu chenye chupa ya chai, anapanda gari la Muheza na kutoka Muheza anapanda milima mpaka Amani, halafu jioni anarudi na matope kwenye viatu wala hasemi alikuwa kwa nani. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Sisi watu wa pwani tunaamini kwamba huko juu kwa Wasambaa hakuna kinachompeleka mtu ila dawa au posa, na umri wa posa nilikwishaupita.

Nilikuwa nakwenda kutembea. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulieleza. Kwetu kutembea ni kumwendea mtu. Unakwenda kutembea kwa shoga yako, kwa wifi yako, kwa jirani aliyejifungua. Ukisema unakwenda kutembea, swali linalofuata ni "kwa nani?" na ukikosa jina la kutaja, basi una lako jambo. Mimi nilikuwa natembea kwa miti. Nani angeniamini?

Nianze na masikio, maana bila hayo nisingefika Amani kabisa.

Masikio yangu yalinikimbia polepole, bila ya kuaga. Kwanza zilikwenda sauti nyembamba: ndege wa asubuhi kwenye mlimau wa uani, mlio wa simu, birika likianza kuchemka. Baadaye zikaanza kupotea herufi. Mtu akiniambia neno, nalipata katikati tu, kichwa na miguu imekatwa, na mimi naanza kuunga. Daktari alinieleza kwa kuniandikia, akasema sauti nzito zitabaki nami muda mrefu zaidi kuliko nyembamba. Nikapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kifaa kile kilipenda vijiko kuliko watu: kijiko kikigonga sufuria nasikia kama mtu anavunja nyumba, lakini anayesema nami simpati. Nikakitia kwenye droo, pamoja na funguo za milango ambayo hatunayo tena.

Kuunga maneno kuna hatari zake. Siku moja kwenye arusi, uani kwa akina mama, mmoja alikuwa anahadithia jambo, nami nikamwona wa pembeni yake meno nje. Nikacheka na mimi, tena kwa kituo, nikapiga na kofi. Kumbe yule wa pembeni hakuwa anacheka, alikuwa analia. Mwenzake alikuwa anasimulia jinsi kaka yake alivyokatwa mguu. Wote wakanigeukia. Tangu siku hiyo nilipunguza kwenda mahali penye watu, na watu hawakunibembeleza sana nirudi.

Lakini watu ni watu. Mume wangu ndiye aliyekuwa shida yangu.

Mume wangu alikuwa dalali wa mnada wa samaki. Alikuwa na sauti ambayo ungeisikia kutoka ufukweni mpaka barabarani. Akimnadi nguru mmoja unaweza kudhani ananadi meli. Wakati huo nyumbani alikuwa akiniita kutoka mlangoni, hata viatu hajavua. "Mwenzangu wee!" Nami kutoka jikoni, mikono ina unga, naitika, "Abee!" Alikuwa hana anachotaka, mara nyingi. Ananiita ili ajue nipo. Nikishaitika anavua viatu, anakaa, na maisha yanaendelea.

Alipostaafu aliniambia kwamba amepiga kelele maisha yake yote na sasa koo lake linataka pumziko. Ikasadifu kwamba ni wakati uleule ambao mimi nilihitaji mtu wa kunipigia kelele. Mwanzo alijitahidi. Baadaye akachoka. Nakumbuka jioni moja tumekaa barazani akaniuliza kitu, mimi nikanasa neno moja tu, "umefunga". Nikamjibu, "Leo sikufunga, tumbo lilinisumbua." Aliniangalia kidogo, akasimama, akaenda mwenyewe kufunga geti. Hakucheka. Angecheka ningecheka naye na ingekuwa hadithi yetu mpaka leo.

Kuanzia hapo likaingia neno lile. Anasema kitu, namwomba arudie, naye anapunga mkono: "Basi, si kitu." Ilikuwa hivyo asubuhi, mchana na usiku. Jirani amefiwa, si kitu. Binti yetu aliyeolewa Dodoma amepiga simu, kasema nini? Si kitu. Nyumba nzima ikajaa mambo ambayo si kitu, na mimi nilikuwa nayataka yote. Mwisho akaacha hata kuniita. Akinihitaji alikuja kunigusa bega, au aliwasha taa na kuizima. Kuna siku nilikuwa nachambua mchele, taa ikawaka ikazimika, nikainua kichwa, nikajikuta nalia juu ya ungo. Watu hudhani mwenye masikio mazito analilia muziki na ndege. Mimi nilikuwa nalilia kuitwa. Nilitaka mtu aniite kwa mbali, nami niitike.

Amani nilifika kwa bahati. Tulikwenda Muheza kwenye hitima ya jamaa, na kesho yake wenyeji wakatupandisha juu tuone bustani ya zamani, ile iliyopandwa miti ya kila nchi. Wenzangu walitembea wakiongea. Mimi nilibaki nyuma, kama kawaida, na baada ya muda nikagundua kitu: kule nyuma hapakuwa na mtu wa kuniambia si kitu. Mti hausemi nawe. Kinyonga anageuza jicho moja kukutazama, jingine linatazama mambo yake, na hakuna anayetarajia umjibu. Nilisimama chini ya mdalasini, nikakwangua ganda kwa ukucha, nikanusa kidole mpaka wakanijia kunitafuta.

Ndipo nikaanza kwenda peke yangu. Gari linapita Pongwe kungali na ukungu, kisha mashamba ya mkonge, kisha Muheza yenye machungwa yake barabarani. Kutoka Muheza nilipanda pikipiki, nimejifunga buibui vizuri lisiingie kwenye gurudumu, na dereva alikuwa akiongea njia nzima bila kujua kwamba nyuma kabeba gogo. Baada ya geti la Sigi hewa inabadilika, inakuwa ya baridi na yenye harufu ya majani yaliyolowa. Ukifika juu utahitaji sweta.

Kulikuwa na mwongozaji wa pale, mama mmoja wa Kisambaa mwenye mwili mdogo na hatua ndefu, Mlutheri, ambaye tangu siku ya kwanza alisema nami uso kwa uso bila ya kuambiwa. Alinionyesha yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye mawe penye majimaji, ambayo wageni huko kwao huyatunza ndani kwenye vyungu. Alinionyesha vipepeo wanaofugwa kwenye nyumba za chandarua. Alinionyesha mbega juu kabisa, weusi wenye mashada meupe mabegani, wamekaa kwa heshima kama mashekhe wanaosubiri khutba. Baada ya safari chache akaniacha nitembee mwenyewe njia ya bustani na ile ya msitu wa karibu, mradi nisiiache njia.

Mahali pangu palikuwa kwenye mti mmoja mkubwa, njia inapopinda, ambao mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta. Katikati ya mizizi miwili mtu anaingia akakaa, asionekane na anayepita. Hapo nilikunywa chai yangu na kula vitumbua. Mara nyingine hondohondo walipita juu, na mabawa yao, kwa kuwa ni mazito, niliyasikia: vuu, vuu, vuu. Yule daktari alisema kweli. Lakini sitaki kudanganya nikasema kwamba nilikuwa na furaha pale. Nilikuwa mpweke pale kama nilivyokuwa mpweke nyumbani, ila pale upweke ulikuwa na sababu inayoonekana. Mtu akiwa peke yake na hana wa kusema naye, hiyo ni hesabu inayoeleweka. Ukiwa wawili ndiyo inakushinda.

Sasa huyu mume wangu. Maneno ya majirani yalimfikia, yeye ana masikio. Jioni moja, kabla ya siku yangu ya kwenda, akaja kunigusa bega. Nikageuka. Akasema polepole, midomo wazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi: "Kesho na mie nakwenda."

"Wapi?"

"Hukohuko unakokwenda weye."

Nilifurahi, nikamkasirikia, vyote kwa pamoja. Usingizi haukuja vizuri. Nilipanga maneno ya kumwambia njiani, nikayapanga kama arusi.

Njiani hatukusema chochote. Alivaa suruali yake nzuri na makubadhi, kana kwamba anakwenda baraza la idi, na alipoona pikipiki pale Muheza akakataa kata kata, ikabidi tukodi gari ndogo. Alikaa mbele na dereva, mimi nyuma. Niliona mashavu yake yakienda, wanaongea, wanacheka. Nilitazama chai ilivyopandwa milimani mistari kwa mistari mpaka tukafika.

Mwongozaji akatupokea, shikamoo baba, shikamoo mama. Nikaenda kunawa uso bombani. Nilipogeuka nikawaona wamesimama kando, mume wangu kaweka mkono mdomoni lakini hakuuweka vizuri. Watu husahau kwamba asiyesikia hutazama. Midomo yake ilisema: "Huja kwa mganga gani?"

Mama yule alistaajabu, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. Akanyoosha mkono kuelekea msituni. Sikuhitaji kusoma midomo yake.

Ningeweza kutukana. Badala yake nilichukua kikapu nikatangulia. Nilitembea haraka makusudi, njia naijua, yeye na makubadhi yake hajui jiwe lipi linateleza. Nyuma yangu alisimama kila mara: mara kuvuka kijito, mara kamwona kinyonga kwenye tawi na hakutaka kupita chini yake. Kwetu pwani kinyonga anaogopwa kuliko nyoka. Nilimwona akimzunguka kwa mbali huku ameshika kofia yake, na hasira ikanipungua kidogo, lakini sikusimama. Nikapinda kona, nikaingia kwenye mizizi yangu, nikakaa. Nilikuwa namfikiria mganga huyo. Kwamba mume wangu aliniona ninavyoishi ndani ya nyumba ile na kitu cha kwanza alichofikiri ni kwamba nimekwenda kumfanyia dawa! Na hilo nalo, nikajiambia, ningelifanya ningekuwa na haki.

Ndipo niliposikia.

Ilikuwa sauti nzito, ya mbali, yenye kuvuta mwishoni. "Mwenzanguuu weee!"

Mama yangu alikuwa mtu wa Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo, na watoto wa pale hufundishwa mapema. Ukiitwa porini na humwoni anayekuita, usiitike. Mwache aite. Akiwa binadamu atakuja mpaka umwone. Asipokuwa binadamu atachoka aende zake. Ukiitika umempa jina lako na sauti yako, na hujui atavifanyia nini. Mama alinifinya mdomo mara moja nilipotaka kuitika nikiwa mdogo, na mdomo unakumbuka.

Basi nilinyamaza. Nilikuwa sijasikia sauti ya mtu kwa mbali kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani kweli ni wenyewe wa msitu. Nikasoma ninachokijua.

"Mwenzangu wee!"

Mara hii niliitambua. Ilikuwa sauti ya mnadani. Mjini, kwenye pikipiki na redio na feni, ingenipita kama vitu vyote, lakini pale hapakuwa na kitu kingine cha kushindana nayo. Ilikuja nzimanzima, kichwa na miguu yake. Nilifungua mdomo niitike.

Nikaufunga.

Sijutii, na nasema hivyo nikijua kwamba alikuwa na miaka yake na njia inateleza. Nilijua nikiitika atanyamaza. Nilikuwa na njaa ya ile sauti, na mwenye njaa hasimamishi mkono wa anayempakulia. Nikakaa kati ya mizizi, mikono imekumbatia magoti, nikamsikiliza mume wangu akiniita.

Aliniita mwenzangu. Akaniita mama watoto. Sauti ikasogea, ikaenda upande mwingine, ikarudi. Niliisikia inabadilika: kwanza ya kukasirika, kisha ya kuuliza, kisha kitu ambacho mnadani hakikuwahi kuwamo. Alikuwa anaogopa. Alikuwa ananitafuta mimi na alikuwa anaogopa kunikosa, na nilikuwa naisikia hofu hiyo neno kwa neno, bila ya kuunga. Machozi yalikuwa yananitoka mpaka kwenye ushungi.

Halafu akaniita jina langu.

Wasomaji wa kwetu wanajua. Mke na mume wa umri wetu hawatajani majina. Jina unalisikia siku ya nikahi na baada ya hapo unakuwa mwenzangu, mama fulani, wee. Jina langu kwa sauti ya mume wangu nilikuwa sijalisikia tangu ujana wetu, na hata hapo alilinong'ona. Sasa alilipeleka msitu mzima, silabi zote, kama asiyejali nani anasikia.

"Abee!" nikaitika.

Sauti yangu mwenyewe iliniogopesha. Nikatoka kwenye mizizi. Alikuwa pale penye kona, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kofia hana, jasho linamtiririka. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Nilisimama nikimsubiri. Nilifikiri, aseme sasa. Chochote atakachosema nitakipokea, hata akinitukana, kwa kuwa leo anayo sauti na mimi leo nasikia.

"Umeniita," nikamwambia. "Nimeitika. Ulikuwa unasemaje?"

Akapangusa uso kwa kiganja. Akatazama miti. Kisha akapunga mkono, ule mkono wake.

"Basi," akasema. "Si kitu."

Nililisikia vizuri sana, halikupungua hata herufi.

Tulikaa tukanywa chai. Alikula vitumbua viwili, akavaa kiatu chake, tukashuka. Kwenye gari alikaa nyuma na mimi, hilo nalikubali, lakini alitazama dirisha lake na mimi langu. Majirani walipomwuliza alisema hakuna mganga yeyote kule, ni miti mitupu na baridi, na watu wakaacha kuniongelea. Siku ya pili yake nilikuwa nakuna nazi, akaja akanigusa bega, akanionyesha kwa kidole kwamba mtungi wa gesi umekwisha.

Nilingoja. Nilidhani labda kuna kitu kimefunguka kule juu na kitashuka polepole chenyewe. Nilizima feni, nilizima redio, niliondoa hata kuku uani, nikakaa jikoni kimya, mikono ina unga. Aliingia, akavua viatu, akakaa.

Mwezi uliofuata nilijifunga buibui langu, nikabeba kikapu. Aliniona natoka. Aliinua mkono kidogo, nami nikauinua wangu. Pongwe palikuwa na mvua, Muheza palikuwa na jua, na kule juu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye njia. Mwongozaji akaniuliza, uso kwa uso, baba hajambo? Nikamwambia hajambo, kabaki kupumzisha koo.

Nilikwenda mpaka penye mti wangu, nikaingia kati ya mizizi, nikamimina chai. Hondohondo hawakupita siku ile. Nilikaa nikasikiliza, na kulikuwa kimya, na sijui kama ni msitu ulionyamaza au ni masikio yangu yamesogea mbali hatua nyingine. Nilimkumbuka mama na vidole vyake mdomoni mwangu.

"Abee," nikaitika, kwa sauti, mbele ya miti yote ile. Halafu nikaweka kikombe chini, nikamsubiri yeyote aliyemo msituni aseme anachotaka.